Chupa ya Shingo Tatu

Ndeonasia aliileta Kiborloni ndani ya kapu la ndizi,
imeviringwa kanga ya marehemu mama yake.
"Ya nini hii?"
"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe."

Nikaiinua juani.
Mapovu madogo yamelala ubavuni:
pumzi ya aliyeipuliza, haijatoka mpaka leo.
Mshono hakuna. Kitakoni kovu,
kama kitovu cha mtoto.
Nikapitisha kidole midomoni, yote imesagwa;
vizibo vilikuwa vya kioo, vimepotea.

Shingo ya kati, nikamwambia, hutiwa asidi.
Ya kushoto mrija. Ya kulia, hewa itoke.
Nilisema kama mwalimu.
Ile ya kulia sikuwa na hakika nayo.

Baba yake alifagia maabara ya kahawa
miaka thelathini na mmoja,
asiguse kitu mezani.
Siku ya kustaafu akatoka nayo chini ya koti la mvua.
Mama akaiweka dirishani,
akachomeka waridi kila shingo,
moja kwa kila mtoto.

"Tulikuwa wanne," akasema.

Nikataja bei, nzuri tu.
Alikwisha kuifunga kanga.