Filimbi ya Mnyapara

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vipuri
nyuma ya karakana ya kamba iliyokufa, pale Pongwe;
ukiingia, pua bado inakuta grisi ya korona
na ule ukali wa majani ya mkonge yaliyosagwa,
harufu ambayo sisi wa Tanga hatuioshi, tunairithi.

Rukia Shemhina ameupaka ukuta chokaa,
akaandika namba kwa mkaa, safu kwa safu:
4417. 4418. 4420.
Mbele ya kila namba, mstari mtupu.
"Hawa ndio manamba," huwaambia watoto wa shule.
"Walishuka kwenye treni wakapewa kipande,
siku thelathini za kazi,
na majina wakayaacha stesheni kama mizigo iliyozidi.
Nendeni nyumbani mkaulize. Mkipata jina, leteni."

Basi kila Jumamosi watu huleta.
Ntakije wa duka la baiskeli alileta kipande cha baba yake
kilichokunjwa mara nne: siku ishirini na tisa zina alama,
ya thelathini haina, na mshahara haukutoka.
Mama Nankunda alileta sufuria lisilo na kitako.
Mwingine hakuwa na kitu ila kovu. Akakunja suruali,
Rukia akalipima kwa rula, akaandika urefu.

Mimi niliupita mlango ule miezi miwili.
Kwetu hakuna kipande. Kwetu kuna filimbi.
Babu yangu hakukata mkonge, aliwaamsha waliokata:
saa kumi alfajiri, kambi ya tatu, pumzi moja ya mashavu,
na asiyetoka alitolewa.
Filimbi hiyo ilitulisha. Ilimsomesha mama ukunga,
ikanunua bati tunalolala chini yake hadi leo.
Mama aliifukia kwenye kopo la unga
kama jino la mtu.

Niliipeleka siku ya mvua, nikidhani hakuna watu.
Walikuwa wamejaa.
Nikaiweka mezani kati ya sufuria na kipande,
nikasema ilikuwa ya nani, nikangoja kufukuzwa.
Hakuna aliyenena. Mvua tu, na bati.

Kisha mtoto, na mtoto ni mtoto, akaidaka akaipuliza.

Bibi Anyesi Likumbo,
ambaye huinuliwa na watu wawili akitaka kwenda msalani,
alikuwa wima.
Peke yake. Mkono mmoja umekwenda nyuma, mgongoni,
unamtafuta mtoto wa kumfunga mbeleko.
Tukamwona akirudi polepole kutoka alikokwenda,
akajikuta amesimama mbele yetu sote,
na aibu ile, jamani, haikuwa yake.

Nikanyoosha mkono niirudishe mfukoni. Akanishika kifundo.
"Iache hapo. Alikuwa na jina, huyo babu yako?"
"Mhando."
"Mhando." Akalitafuna kidogo. "Alikuwa na mapafu.
Lakini siku ya mgomo alipiga mara tisa.
Tumelala chali, wanawake kwa wanaume, macho kwenye makuti,
tunahesabu. Tisa. Hakuinuka hata kuku."

"Na ya kumi?" akauliza yule mtoto.

"Ya kumi sikuisikia, mjukuu wangu.
Tulikuwa tunacheka."

Hilo kwetu halikusimuliwa.
Kwetu mgomo ni ile wiki babu aliyoumwa.

Rukia ana kadi nyeupe, kalamu iko hewani.
"Sasa niandikeje?"
Ananitazama mimi. Mimi namtazama bibi.
Bibi anaifuta filimbi mate ya mtoto kwa ncha ya kanga.

"Andika aliyeipuliza," akasema. "Halafu andika tisa."

Wino ulikuwa hafifu.
Herufi ya kwanza ya jina la babu
aliirudia mara mbili, ili isomeke.