Slaidi Namba Arobaini na Moja

Alhamisi, Valdivia, siku ya tisa ya mvua.
Makoti yanachuruzika kwenye misumari ya mlangoni
na madirisha yamefanya ukungu
kana kwamba jengo zima linapumua.
Bi Ormilda Huenchullán anagawa masanduku ya mbao,
slaidi mia kwa kila sanduku, kila moja na mfereji wake.
"Shikeni kingoni," anasema. "Kidole nacho kina ngozi.
Sitaki kuja kukuta ngozi mahali pa ini."

Nafumba jicho la kushoto. Kosa la kwanza.
"Yote mawili wazi," anasema akipita, hasimami.
Nazungusha gurudumu dogo. Ukungu. Ukungu.
Kope zangu mwenyewe.
Kisha, ghafla, waridi.

Waridi na zambarau, hakuna kingine:
viini vimekunywa rangi moja, vilivyobaki vimekunywa ya pili.
Lakini rangi ni ya dukani, alituonya Daktari Aedo,
rangi haimjui mtu.
Uliza nani kakaa na nani.
Wamebanana? Wametawanyika? Ukingo uko wapi?

Basi nauliza.

Hawa warefu, bega kwa bega, viini vyote chini,
na kati yao mmoja kavimba kama bilauri ya ute:
utumbo.
Hawa wanene chini, bapa juu, na juu kabisa wafu
wanaobanduka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu:
ngozi, pengine ya kisigino.
Pete tupu, tupu, tupu,
kiini kimesukumwa ukutani kama mpangaji asiyelipa kodi.
Baltazar anaandika *mapafu*.
Ni mafuta.

Gegedu nalipenda. Wawili wawili vishimoni,
ndugu wa mgawanyiko mmoja;
wamejijengea ukuta katikati
na tangu hapo hawajagusana.

Mfupa: duara ndani ya duara,
kama visiki vya alerse uani kwa baba yangu,
ila katikati ya hivi ilipita damu.

Kwenye moyo nimekosa.
Niliona milia, nikaandika *misuli ya paja*.
Sikungoja kuona matawi,
wala vile vijistari vyeusi
pale seli inapomshika mwenzake isimwachie.

Arobaini na moja ni rahisi, kila mtu anaijua.
Walioimaliza mwaka jana wameichonga chini ya meza:
*mkunjo kulia = kidole tumbo*.
Nachungulia. Mkunjo upo, kulia,
kama shati lililopigwa pasi kwa haraka.
"Kidole tumbo," nasema.
"Umejuaje?"
Mvua inajibu kwa niaba yangu.
"Kwa mkunjo," nasema.

Bi Ormilda anaweka sanduku chini.
"Mkunjo ni kosa langu. Wembe ulikuwa butu,
nami nilikuwa na wiki tatu tu tangu nishonwe,
sikuweza kuinama vizuri juu ya mashine."

Hakuna anayegeuza slaidi.

"Themanini na saba. Daktari aliniuliza kama nakitaka.
Nikamwambia nipe, darasani hatuna.
Nikakilaza kwenye nta, nikakikata mwenyewe.
Vipande sitini. Vingine mmevivunja."

Narudi kwenye lenzi
na safari hii napiga hodi, kimoyomoyo,
kwa maana hapa ni kwa mtu.
Tundu jembamba. Kulizunguka, vijiji vya zambarau,
askari wadogo wa damu wamesongamana
kama umati mlangoni mwa benki siku ya mshahara.
Walikuwa na homa siku hiyo. Walikuwa na ishirini na sita,
na shangazi akiwasubiri na supu korido ya nje.

Nainua macho kumtazama.
"Usiniangalie mimi," anasema. "Angalia matabaka. Yako mangapi?"
"Manne."
"Yataje."

Naanza ndani.