Buku la Shee

Ijumaa ya Shabani, mswala ukikunjika,
Shee akaja jikoni, buku la deni kashika:
"Nairobi, kwa Imani, mjukuu kazalika.
Mfuko wetu mtupu, twendeje sisi wawili?"

Keshoye, Mwembe Tayari, akamwuliza karani:
"Mke wangu ni mwembamba; ya pili aketi nani?"
Yule kijana kacheka, kalaza kichwa mezani:
"Mzee, hata mapacha hulipa tiketi mbili."

Akarudi: "Basi ghali, siku hizi za safari,
treni ya jioni kali, nafuu ni ya fajiri;
siti zimebaki mbili, mia nane twasitiri,
ila siti si jirani, ni mabehewa mawili."

Nikasema, "Tangu Kuze, kitanda chetu kimoja,
na miaka thelathini tumelala kwa pamoja.
Shilingi iwe talaka? Hilo kadhi hajataja!"
Kanijibu, "Mia nane! Ni mafuta lita mbili."

Shee wangu, yule yule, wa kupenda kivukoni,
feri haimlipishi mwenda kwa mguu ndani;
fungate kanivukisha, mara saba, maji chini:
"Tumetembea, mpenzi, na hela zetu kamili!"

Chai ya ndani ya treni yauzwa kama ni dawa;
nikakanda mahamuri, yakaiva sawasawa,
chai ya rangi chupani, tangawizi imetiwa,
tukatia na vikombe, vyenye maua, viwili.

Saa kumi ya usiku, Kibokoni kuna kiza,
tukutuku hazipiti, ni paka wanaocheza;
gari lilipotokea, bei kama ya jeneza:
"Miritini? Elfu moja, maana mko wawili."

Tukaingia twabisha, hadi njia ya Makupa,
dereva ana kiapo, na Shee naye aapa;
Changamwe kwapambazuka, mia saba tukalipa.
Nikameza neno langu, nikameza na la pili.

Tukaagana stesheni, kama waendao vita,
mimi behewa la nne, la tisa yeye kapita;
watu wakatusukuma, filimbi ikatuita,
hatukufungua kwanza mikoba yetu miwili.

Mara treni ikang'oka, nikafungua mkoba:
chai iko, na vikombe; mahamuri ni msiba,
yako kwa Shee, la tisa, na hapana wa kubeba.
Abiria wa pembeni kala mayai mawili.

Nikampigia simu. Kajibu, "Nakula kavu,
hamuri limenikwama, lakwaruza kama jivu,
mtoto ana maziwa, namtazama kwa wivu…"
Salio likakatika kwenye dakika ya pili.

Nikanyanyuka na chupa, nikalivuka la tano,
nashika viti vya watu, na radhi naomba mno;
katikati, penye choo, nikauona mkono
umebeba mahamuri, naye ametoka mbali.

Pale paungapo chuma, sakafu yatikisika,
nikamimina kikombe, nusu yake yamwagika;
akachovya, akameza, ndevuni ikadondoka.
Mkaguzi katazama, akacheka mara mbili.

"Tiketi!" Kazikagua. "Bwana huku, kule mke?
Viti vitupu la sita, nendeni mkajiweke."
Shee kauliza, "Bei?" "Bure, mzee, ucheke!"
Uso wa Shee kwa "bure" uling'aa kama mwali.

Kafungua buku lake, "Mia nane," kaandika,
"toa saba za dereva, na salio lokatika,
imebaki thelathini, na chai ilomwagika."
Kalamu nikaitwaa, nikaiandika kweli:

"Bega lake, bega langu, dirisha moja la jua,
kikombe kinachopita, chai inayopungua:
hii hukuiandika, na hesabu waijua.
Tukirudi, Shee wangu, ongeza, tuwe wawili."

Akaita muuzaji, akatoa thelathini,
kaongeza mia yake, ilofichwa kofiani:
soda moja ya baridi, mirija yake miwili.