Miguu Peku

Fisi maji alipanda kutoka mto Kiwira
usiku ambao Tukuyu nzima ilikuwa chini ya mvua
na mimi, mlinzi, nilikuwa chini ya koti,
mgongo kwenye ukuta wa jiko, mkaa bado una joto.
Sikusikia kitu. Niseme kweli: nilikoroma.

Asubuhi, magamba kwenye majani,
mekundu, meupe, kama rangi ya kucha iliyobanduka.
Kichwa kimoja juu ya jiwe.
Walikuwa kumi na mmoja. Nilihesabu sita,
nikahesabu tena, kana kwamba hesabu hubadilika ukiibembeleza.

Mama Subilaga hakunifokea.
Alisema tu, "Gwamaka, hao walikuwa samaki wa marehemu,"
akaingia ndani kuwapikia wageni chai.
Bora angefoka.

Waliobaki walijibana chini ya matoro,
upande wa bomba, penye giza,
wakafumbana kama ngumi.
Zamani nikitokea na kopo la chakula
walinifuata ukingoni, vinywa wazi;
vifaranga hawakufua dafu kwao kwa ulafi.
Sasa buti zangu zikikanyaga hatua ishirini mbali
maji yanaruka, kisha kimya.
Nikaelewa: ardhi inasema nao.
Ardhi inawaambia, anakuja tena, yule mzito.

Ambokile fundi bomba akashauri nigonge kopo, watazoea.
Muuza ndizi wa getini: wanyime, njaa itawatoa.
Njaa!
Mimi na njaa tumelala kitanda kimoja miaka mingi,
haikunitoa woga hata siku moja.

Nikatandaza wavu juu ya bwawa, kigingi kwa kigingi,
nikazamisha vipande viwili vya bomba la udongo
wapate nyumba ya milango miwili.
Chumba cha mlango mmoja ni mtego.
Hilo sikufundishwa na mtu.

Kisha nikavua buti.

Kila jioni, saa kumi na moja, ukungu ukishuka Rungwe,
nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu peku,
shati lile lile la kaki, bila tochi, bila redio.
Punje tano majini. Nanyamaza. Naondoka.
Baridi ya Tukuyu inaingilia kwenye nyayo,
inapanda hadi magotini, inapiga hodi kwenye meno.
Punje zilivimba, nikaziopoa kwa kichujio cha chai
ambacho Mama Subilaga alikitafuta wiki nzima.

Siku ya tisa akasogea Askofu,
yule mwenye doa jekundu utosini,
pezi moja limechanika kama shuka la gesti.
Akafika nusu ya njia. Akanitazama, au akatazama ndoo.
Akarudi.
Siku ya kumi na nne nilipiga chafya,
tukaanza upya.

Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi
niliposikia *tup*,
sauti ndogo, kama kifungo kuachia nguo,
na punje nne zikabaki pale zilipokuwa tano.
Sikuinuka. Sikucheka. Kikohozi nilikimeza kizima kizima.

Sasa wanapanda wanne.
Wa tano huishia mlangoni pa bomba, anachungulia.
Mweupe simwoni kabisa,
ila asubuhi punje yake haipo,
na usiku mimi silali tena, kwa hiyo najua hakuna mwizi.

Jana Mama Subilaga alitoka jikoni,
akaacha malapa yake kwenye ngazi,
akaja juu ya majani mabichi akinyata kama mtoto mtoro,
akachuchumaa ng'ambo ya bwawa.
Mbali bondeni fisi maji alipiga mluzi.
Maji yakatikisika kidogo, yakatulia.

"Wamebaki wangapi?" akanong'ona.
"Sita," nikasema,
bila kuhesabu.
Akanyoosha mkono, akaomba punje moja.