Kikopo cha Arobaini na Moja

Arafa Kupi alibisha hodi Langoni
alfajiri, makaa yangu hayajashika,
akanipa kikopo chenye kifuniko cha buluu
na kijiko kidogo, mfano wa kumlishia ndege.
"Kiasi cha punje ya kunde tu, Bi Mwanakheri."
Nikacheka mpaka nikashika ukuta.
Miaka kumi na miwili nakificha kitu hiki,
leo mtoto wa Faza anakiomba kwa adabu
kana kwamba ameishiwa chumvi.

Yamesemwa mengi juu ya tumbo hili.
Ni kijicho, alisema wifi yangu,
maana vitumbua vyangu vina wateja.
Ni vidonda, alisema wa duka la dawa, bila kuinua macho.
Ni maji ya kisima. Ni pilipili. Ni mawazo.
Nimekunywa kombe la zafarani, vidonge vya rangi zote,
mwarobaini hadi jasho likawa chungu.
Tumbo hunisikiliza siku mbili, tatu,
kisha hurudia lile lile:
kufunga wiki, kufungua usiku.

Harusini huulizia choo
kabla sijamuulizia bibi harusi.
Wali wa watu nauonja kwa ncha ya kidole.
Malindi, alikoolewa binti yangu Rukiya,
sijawahi kufika:
basi la Mokowe halisimami kwa tumbo la mtu mmoja,
na vichaka vya Witu si vya kuingia peke yako.
Wajukuu wawili nawajua kwa sauti.

Arafa akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi,
akauliza maswali hamsini na matatu.
Jana ulikula nini? Juzi?
Ulizaliwa nyumbani au hospitali?
Ulinyonya muda gani?
(Hilo nilimwambia akamuulize mama, makaburini.)
Akasema ndani yangu mna bakteria
wengi kuliko watu wa visiwa vyote hivi, walio hai na waliozikwa;
wengine hunisagia chakula, wengine hulinda mlango,
na huenda dawa kali zilizofukuza wabaya
ziliondoka na wema pia. Huenda.
Neno hilo alilisema mara tisa. Nililihesabu.

Nikamwonyesha beseni.
Mchele uliosagwa, tui, hamira, iliki,
niliufunika saa nne usiku kwa kanga kuukuu.
Sasa umejaa hadi ukingoni,
juu vijitundu vinapumua.
Nani kafanya kazi hii nami nimelala?
"Hamira si bakteria," akasema, msomi hakosi neno,
"lakini ni majirani."
Kuna mwaka nilitia tui la moto mno:
unga ukalala kama maiti,
wateja wakanirudishia mawe.

"Mtanipa dawa lini?"
Akafunika kalamu.
"Hatujui bado. Hatujui hata kama kosa ni lao."
Mganga alijua. Daktari alijua. Wifi, ndiyo usiseme.
Huyu ndiye wa kwanza kusema hajui,
na ndiye wa kwanza niliyemwambia yote:
damu, saa tisa za usiku,
ile shuka niliyoichoma uani nikasema ni takataka.
Aliandika polepole. Chai yake ikapoa.

Kikopo cha arobaini na moja kikatiwa sandukuni na barafu,
kikabebwa na punda hadi gatini,
kikavuka Mokowe, kikapanda basi.
Kizuizini, alinisimulia baadaye, askari aliuliza mna nini humu.
"Wageni," akajibu utingo, "wanakwenda maabara."
Basi kipande changu kikafika Malindi kabla yangu,
baridi kama samaki, hakina jina,
kikapita, huenda, mbele ya mlango wa Rukiya.

Jioni nilimpigia.
Sikumwambia.
Nilimuuliza tu kama mvua imenyesha huko,
na choo cha stendi
kiko upande gani.