Mama Kumi na Saba

Mwaka huu nimezika mama kumi na saba,
wote kwa kibodi hii iliyofutika herufi,
naipapasa tu kwa mazoea.
Steshenari yangu inatazamana na stesheni ya Uvinza.
Bei nimezibandika ukutani:
nakala, mia; picha ndogo, elfu mbili;
barua ya kuomba chuo, elfu tano, na bahasha juu yangu.

Barua ni moja. Naifungua, nabadilisha jina,
nabadilisha kijiji: Basanza, Kazuramimba, Nguruka.
Mwombaji akitaka udaktari,
mama anafia leba usiku wa mvua.
Akitaka sheria, mama ananyang'anywa shamba, ndipo anakufa.
Uhandisi: daraja linakatika, mama yuko juu yake.
*Tangu utotoni nimekuwa na ndoto.*
Sentensi hiyo siigusi. Ndiyo mtaji.

Jumanne akaja Skolastika, binti wa Ntahondi,
viatu vyeupe kwa vumbi la chumvi.
Akasoma kwenye skrini, kidole chini ya kila neno,
kisha akageuka, akatazama mlangoni.
"Mama yuko pale," akasema. "Ananunua dagaa."
Nikamwambia, kamati haimjui mama yako.
"Mimi namjua."

Akaomba kalamu. Akaandika amesimama,
kaunta ikiyumba kwa mguu wake mfupi,
kwamba mama yake hupakia chumvi kiwandani,
kwamba vidole vina mipasuko isiyofunga tangu masika,
na nyumbani huitia chumvi mchuzini kwa kijiko
maana akiishika inamuuma.
Kwamba yeye alipata D ya Fizikia muhula wa kwanza
kwa uvivu, hakuwa mgonjwa.
Kwamba ndoto ya utotoni hana:
utotoni alitaka kuuza vitumbua.
Ila siku moja, akimpelekea mama chakula,
aliona maji ya kisimani, maangavu, hayana kitu,
na hadi leo anataka kujua
weupe ule ulikuwa umejificha wapi kabla ya moto.

Nikamwambia, futa hiyo D. Hakufuta.
Na vitumbua je? Akacheka, akaviacha.
Nikachapa neno kwa neno,
nikamrudishia h mbili alizozimeza,
nikamtoza bei ya kuchapa tu, mia tano.
Mama yake akalipa, sarafu moja moja,
akizisukuma kwa kiganja, si kwa vidole.

Sijui kama amepata. Majibu hayapiti kwangu.
Lakini usiku ule niliifungua barua yangu ya mtaji,
nikaweka mshale juu ya neno *marehemu*,
na kabla sijabonyeza, umeme ukakatika.

Mama yangu mimi yuko Urambo. Ana simu ya tochi.
Nikampigia humo gizani, nikamuuliza hali.
"Mzima," akasema.
"Kwani umesikia nini?"