Kisanduku cha Dola Mia Nne

Injini ulishaiweka, Verlyn: dizeli ya basi la shule
lililouzwa mnadani Minot kwa bei ya kutupa.
Giaboksi nayo ulishaifunga kwa boliti kumi na moja.
Ya kumi na mbili niliikuta mfukoni mwa koti lako
nilipolipeleka koti kanisani, kwa wasio na koti.

Kilichobaki ni ubongo.
Giaboksi ya siku hizi, Kelby ananieleza, ina misuli,
ina oili, ina vali zilizokaa zikingoja amri,
ila hakuna wa kuiambia: sasa panda, sasa shuka.
Aliyekuwa akiiambia alibaki kwenye lori lililogongwa.

Basi Januari nzima nikala chakula cha jioni
na karatasi tatu mezani.

Kisanduku cha kwanza, dola elfu moja na mia mbili.
Kina skrini ya rangi, kinajifunza chenyewe,
nyaya zake zimesukwa kabisa, kila ncha na lebo yake.
Elfu moja na mia mbili ni joto la nyumba hii
hadi Aprili.

Cha pili, mia saba, ila hakielewi dizeli.
Kinadhani kila injini hukimbia hadi elfu sita.
Yako elfu tatu haifiki, inaguna.

Cha tatu, mia nne.
Kinaundwa na mama mmoja Brandon, ng'ambo ya mpaka,
Doreen Friesen, anayepokea simu mwenyewe huku akitafuna kitu.
Hakina skrini. Kina vifundo vinne
na taa moja ya kijani.
Nikamuuliza: kikiharibika?
Akasema: chukua bisibisi, fungua.
Na wewe, je, ukiharibika?
Akaacha kutafuna.
Mchoro, akasema, nimeubandika ndani ya kifuniko.

Orlin, ndugu yako, akaniletea ile yake ya rahisi ghali.
Orlin hununua gari jipya kila miaka minne,
na kila masika huja kuazima trekta.

Februari. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Kelby chali juu ya kadibodi, mimi na tochi na mchoro:
wa zambarau kwenye sensa ya kasi,
wa kahawia kwenye pedali,
mweusi kwenye chuma chochote kitupu.
Akaufunga mweusi penye kutu,
na taa ya kijani ikapepesa kama macho ya mwongo.
Kamba hukatikia pabovu.
Nikasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa,
vidole vikiwa havina habari tena na mimi.
Taa ikatulia.

Nikaliingiza barabarani peke yangu.
Gia ya pili ikang'ang'ania, injini ikalia,
halafu ya tatu ikaja na teke la mgongoni,
chupa ya kahawa ikabingirika hadi mlangoni.
Nikasimama. Nikazungusha kifundo, robo mzunguko.
Nikaenda. Nikasimama.
Mara kumi na moja, kati ya kwetu na ghala la nafaka,
na wakina Haugen wakinitazama dirishani.

Hakijui mlima, Verlyn. Hakijui barafu,
wala kwamba nyuma nimepakia marobota ishirini.
Kinajua mguu wangu umekanyaga kiasi gani,
magurudumu yanazunguka vipi, oili ina joto gani.
Mengine nakiambia mimi, kidogo kidogo,
na kikishaambiwa hakisahau,
jambo ambalo wewe,
haya, tuyaache.

Ile boliti hatukuifunga. Kelby alinunua nyingine, senti themanini.
Yako iko kwenye kisahani cha majivu.
Gia ya tatu ikiingia, lori hutetema kidogo
na boliti hugonga bati, tik, tik, tik,
kisha hunyamaza kwenye ya nne.
Skrini ya nini.